Kabla ya Sindano

Fomu ya kujiunga na chuo cha mifugo husomwa kwa sauti nyumbani, kwa sababu ndani yake kuna vitu vya kununua. Baba anasimama kwenye ada, mama anasimama kwenye godoro na ndoo, na mwanafunzi mwenyewe macho yamemganda kwenye koti jeupe. Gambuti na ovaroli hazimshughulishi mtu. Kila nyumba ya Machame ina gambuti mlangoni, zina matope ya bandani na hazijawahi kumpa mtu heshima yoyote. Koti ndilo litakalopigiwa picha. Lakini mwaka wa kwanza ni mwaka wa gambuti, na nadhani ni vizuri aliyepata nafasi aambiwe hivyo mapema, kabla hajaanza kujiona kwenye hiyo picha.

Kwa mtoto wa huku kwetu, chuo kilicho jirani ni Tengeru. Unashuka mlima hadi njia panda, unapanda Coaster ya Arusha, unapita Kwa Sadala, Bomang'ombe, njia ya uwanja wa ndege wa KIA, Kikatiti, Usa River, na kabla hujachoka umeshafika. Tengeru ni mojawapo ya kampasi za Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, ulioanzishwa mwaka 2011. Kampasi nyingine ziko mbali zaidi: Mpwapwa, ambako Wajerumani walijenga kituo chao cha mifugo mwaka 1905, Morogoro, Buhuri ya Tanga, Madaba, Mabuki na kwingineko. Mwanafunzi anaingia na cheti chake cha kidato cha nne, anasomea astashahada ya afya ya mifugo na uzalishaji, na akiendelea mwaka wa tatu anapata stashahada. Kwa karatasi ni safari fupi.

Anayetoka Machame huingia darasani na kiburi kidogo, na ana haki nacho. Amekua na ng'ombe. Si ng'ombe wa kuonekana kwa mbali wakichungwa na mtu mwingine. Ni ng'ombe wa bandani, hatua chache kutoka jikoni, ambaye akikohoa usiku nyumba nzima inasikia. Amemkatia majani kabla ya kwenda shule. Amempasulia mgomba kwa panga na kumtupia vipande. Amezoa samadi na kuipeleka kwenye shina la kahawa. Basi anaposikia mwenzake wa mjini akiuliza kama ng'ombe anauma, anacheka.

Halafu mwalimu anamfungua ng'ombe mdomo na kuuliza: meno ya mbele ya juu yako mangapi?

Hakuna hata moja. Ng'ombe ana meno manane ya mbele kwenye taya la chini, na juu ana ufizi mgumu tu. Mtoto aliyemlisha mnyama kwa mikono yake tangu akiwa mdogo hajawahi kuliona jambo hilo, kwa sababu hakuna siku aliyolazimika kuliangalia. Kwa meno hayohayo anafundishwa kukadiria umri. Kisha anafundishwa kuweka ngumi kwenye bonde lililo nyuma ya mbavu, upande wa kushoto, akae kimya, asubiri. Tumbo kubwa la ng'ombe mzima hujisukuma mara moja hadi mbili kwa dakika, na ngumi inainuliwa taratibu. Likinyamaza, kuna shida, hata kama mnyama bado amesimama na macho yake yanang'aa.

Na kipimajoto. Mtu anaweza kudhani kupima joto ni kazi ya dakika moja isiyohitaji shule. Kwanza unasimama mahali ambapo teke halikufikii vizuri, ubavuni, mkono mmoja umeushika mkia karibu na shina. Unakipaka kipimajoto mafuta. Unakiingiza kwa mzunguko mdogo, kisha unakilaza kidogo kiguse ukuta wa utumbo, maana kikizama katikati ya kinyesi utasoma joto la kinyesi. Kile cha zamani cha zebaki hufungwa uzi wenye kibanio, na kibanio hushikizwa kwenye nywele za mkia, ili mnyama akikinyea kisianguke sakafuni kikapasuka. Unasubiri. Unasoma. Ng'ombe mzima aliyepumzika yuko kwenye nyuzi 38 na nusu hivi, akipungua au kuzidi kidogo. Unaandika. Anayeruka kuandika ataulizwa baadaye, na hatakumbuka.

Mwaka wa kwanza, kwa kiasi kikubwa, ni huo. Kuangalia, kushika, kuhesabu, kuandika. Wanaokuja wakiwa na hamu ya kuchoma sindano hukata tamaa kidogo.

Lakini si kila kitu kinachofundishwa kinakuta nafasi mlimani. Kitabu kitakwambia dalili kubwa ya ng'ombe aliye kwenye joto ni kusimama atulie wenzake wampande. Wenzake gani? Kwenye kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, ng'ombe wengi wa maziwa wako peke yao, au wawili, tena wamefungwa. Hakuna wa kumpanda. Mama wa Machame hajui dalili ya kitabuni, ila anajua kwamba leo ng'ombe analia bila sababu, amebakiza majani, maziwa yamepungua, na nyuma kuna ute unaong'aa kama yai bichi. Anajua pia kwamba asipomwita mhimilishaji leo, atasubiri siku 21 nyingine. Mwanafunzi mwenye akili atagundua kwamba sehemu ya masomo yake aliiacha nyumbani, kwa mama yake, na likizo atarudi kuichukua.

Hapa niseme jambo kuhusu wasichana. Bado wako watu wanaoshangaa binti akisema anasomea mifugo. Wanaona fahali na kamba. Watu hao hawajatazama nani anayebeba majani mlimani kwetu. Wanawake ndio wanaokata, wanaobeba, wanaokamua, na ndio waliofanya maziwa yawe biashara. Mwaka 1988, wakati kahawa ilikuwa imeshaanza kuwakatisha watu tamaa, wanawake wa Nronga, hapahapa Machame, walianzisha ushirika wao wa maziwa. Binti wa Machame akienda Tengeru anakwenda kuchukua karatasi ya kazi ambayo ukoo wake wa kike umeifanya muda wote bila karatasi. Nguvu za kumwangusha ng'ombe hazitokani na misuli hata hivyo. Ukijua kuzungusha kamba mwilini na kuivuta kwa nyuma, ng'ombe mkubwa hulala mwenyewe.

Ugonjwa ambao mwanafunzi wa kutoka huku angepaswa kuuelewa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ndigana kali. Unaletwa na kupe wa kahawia anayependa masikio. Ng'ombe wa kienyeji anayezaliwa kwenye eneo lenye kupe hukutana nao akiwa ndama. Wengine hufa, wanaobaki hupata kinga. Ng'ombe wetu wa kisasa wa bandani, chotara wa Friesian au Jersey, hatoki nje. Mwenyewe anajisifu: wangu hana kupe, sijawahi kumpeleka josho. Ni kweli hana kupe, na ndiyo maana hana kinga. Kisha kiangazi kinakuja, majani ya kihambani yanakwisha, na mzigo unaletwa kutoka tambarare, umefungwa vizuri, mbichi, wa kupendeza. Ndani ya mzigo huo amepanda kupe. Wiki moja hadi mbili baada ya kung'atwa, homa inapanda, tezi ya chini ya sikio inavimba, ya mbele ya bega inavimba mpaka unaishika kwa kiganja. Mwishoni mnyama anapumua kwa shida na povu linatoka puani. Dawa ya kuitibu ipo, na ni ghali, na inafaa ikiwahi. Chanjo pia ipo, iliyotengenezwa Muguga nchini Kenya: ng'ombe anaambukizwa vimelea vyenyewe kwa makusudi, na papo hapo anachomwa dawa ya kuvidhibiti.

Kwenye somo hilo wanafunzi huchanganya vimelea vya ndigana na vile vya babesia, ugonjwa wa kukojoa damu, ambao nao huletwa na kupe. Wasiumie sana. Robert Koch, mtu aliyeigundua bakteria ya kifua kikuu mwaka 1882, alikuja Dar es Salaam miaka ya mwisho ya karne hiyo, akatazama damu ya ng'ombe kwenye hadubini, akaviona vimelea vya ndigana kwa macho yake, na akadhani ni babesia changa. Ilichukua miaka kadhaa, na kazi ya watu wengine kama Arnold Theiler kule Afrika Kusini, kabla mambo hayo mawili hayajatenganishwa. Koch alikuwa na hadubini. Bwana mifugo wa kata ana macho, vidole na kipimajoto, na anatakiwa ajue tofauti hiyo asubuhi hiyohiyo.

Ndipo inakuja Desemba.

Asiyejua Desemba ya Uchagani aulize abiria wa mabasi ya Dar es Salaam. Mlima unajaa. Waliotawanyika mwaka mzima wanarudi, mageti yanafunguliwa, mbuzi na ng'ombe wanachinjwa, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyekaa chuoni miezi michache tu, anakuta cheo chake kimeshapanda bila mtihani. "Daktari amekuja!" Mjomba anamwita aje atazame ini la mbuzi kabla halijaenda jikoni. Jirani anataka ushauri wa kuku. Mzee mmoja anamwonyesha mbwa anayechechemea. Kijana anafurahi, na nani asingefurahi? Nyumbani hapohapo mwaka jana alikuwa anatumwa dukani.

Mpwa wangu alipitia hayo. Jirani yetu, bibi mmoja mwenye ng'ombe wa Jersey aliyekuwa amezaa usiku wa kuamkia jana yake, alimpokea mlangoni akiwa na chupa ya dawa na bomba la sindano alivyonunua dukani.

"Karibu daktari. Mchome huyu, amekataa kusimama."

"Shikamoo bibi. Alizaa lini?"

"Marahaba. Juzi usiku. Mchome kwanza, tutaongea."

Binti hakuchoma. Aliinama. Ng'ombe alikuwa amelala kifua chini, shingo imepinda, kichwa amekilaza ubavuni. Aliyashika masikio, yalikuwa baridi. Aliomba kipimajoto chake kutoka nyumbani, akapima, na joto lilikuwa chini ya kawaida. Wakati huo bibi alikuwa ameshaanza kumwangalia kwa jicho la mtu aliyedanganywa: daktari gani huyu, ana mkono mzima na hachomi? Chupa aliyoishika bibi ilikuwa ya antibayotiki. Ng'ombe hakuwa na maambukizi. Kalsiamu ilikuwa imeshuka mno kwenye damu yake, kama inavyotokea kwa ng'ombe wa maziwa mengi anapozaa, na Jersey huongoza.

Sasa, hata angekuwa na chupa ya kalsiamu mkononi, alikuwa hajafika pa kuitumia. Kalsiamu huingizwa kwenye mshipa wa shingoni polepole, imepashwa joto la mwili, huku anayeiingiza akiusikiliza moyo. Ikikimbizwa, moyo unasimama, na ng'ombe ambaye angeinuka baada ya muda mfupi anakufa na sindano ikiwa shingoni. Mpwa wangu alifanya yale aliyofundishwa: alimwegemeza mnyama kwa magunia ya majani ili asilale ubavu akajaa gesi, akampigia simu bwana mifugo wa kata, na akamweleza kwa sentensi chache: amezaa juzi, hawezi kusimama, masikio baridi, joto liko chini, hajacheua. Bwana mifugo alikuja na chupa sahihi. Kwa sentensi zile tu alishajua aweke nini kwenye begi.

Kwa macho yangu, binti huyo siku ile alifanya kazi yote ya mwaka wa kwanza. Kwa macho ya bibi, hakufanya kitu; aliyetibu ni yule mwenye pikipiki.

Tuseme ukweli, sisi wafugaji ndio tunaowaharibu hawa vijana. Tunapima utabibu kwa sindano. Anayekuja akauliza maswali, akapima, akasema huyu mnyama mpe maji na majani laini na tusubiri hadi kesho, hatumlipi hata nauli. Anayekuja akachoma bila kuuliza tunamlipa, tunamwekea na chai. Dawa zenyewe zinauzwa dukani, mtu ananunua, anachoma nusu ya kipimo kwa kuogopa gharama, siku ya tatu ng'ombe anakula, dawa inaachwa. Jioni maziwa yanakamuliwa na kuuzwa, ingawa kwenye karatasi ya dawa imeandikwa siku za kusubiri kabla maziwa hayajanywewa na binadamu. Serikali ina jina fupi kwa kinachofuata, UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na jina hilo mwanafunzi hulisikia mapema sana darasani. Tatizo ni kwamba anayehitaji kulisikia yuko bandani.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Baraza la Veterinari Tanzania, linalosajili madaktari wa mifugo na kuwatambua wataalamu wasaidizi, wenye astashahada na stashahada, ambao wanatakiwa wafanye kazi chini ya usimamizi. Mwanafunzi hayumo katika kundi lolote kati ya hayo. Ni mwanafunzi. Lakini sheria iko mbali na banda, na bibi yuko mlangoni na chupa mkononi.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana, nayo ni ya mwili wa mwanafunzi mwenyewe. Ng'ombe akitupa mimba, au kondo la nyuma likikwama, wanaume wetu wamezoea kukunja mkono wa shati na kuingiza mkono mtupu. Wengi walifanya hivyo maisha yao yote, na baadhi yao wana homa zinazokwenda na kurudi na maumivu ya viungo ambayo hospitali huchelewa kuyapatia jina. Brusela haiulizi kama wewe ni mwanafunzi. Vilevile kichaa cha mbwa: anayetaka kazi ya kushika mbwa wa watu anapaswa kuchanjwa kabla ya kumshika wa kwanza. Glavu ndefu za plastiki zinazofika begani huonekana kama madoido, na kijana akizivaa mbele ya wazee huambiwa anaogopa. Avae tu.

Pamoja na hayo yote, sitaki mtu asome hapa akadhani nawadharau wenye astashahada. Kinyume chake. Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kufagia ng'ombe, Wamasai chini ya mlima wetu wakabaki na njaa. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa na binadamu, baada ya ndui. Chanjo ilitokana na kazi ya Walter Plowright kule Muguga, na baadaye ikatengenezwa nyingine isiyohitaji barafu muda wote. Ila kwenye maeneo magumu ya mwisho, Karamoja, Sudan Kusini, Afar ya Ethiopia, ambako gari la daktari halikufika, chanjo ilifikishwa na wafugaji waliopewa mafunzo mafupi. Hawakuwa na shahada. Walijua ng'ombe, walijua kuhesabu dozi, walijua kuandika waliyemchanja na ambaye hawakumchanja. Mtu mwenye mafunzo ya miaka miwili anaweza kufanya makubwa, mradi afanye aliyofundishwa na aishie pale alipofundishwa kuishia.

Ajira sitaizungumzia kwa kirefu. Nafasi za serikali hazitoshi, kila mhitimu anajua, na wengi watajiajiri kwa pikipiki na begi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwalinda mapema, kwa kuwa anayejiajiri hana bosi wa kumzuia. Anachozoea mwaka wa kwanza ndicho atakachouza mwaka wa nne.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Machame, na wa Masama, Kibosho, Marangu na Rombo pia, mwanafunzi wa mifugo akirudi likizo, mwiteni. Msimwonee haya. Mpeni ng'ombe mzima ampime joto, amsikilize tumbo, amtazame meno, aandike kwenye daftari lake. Mara ijayo ng'ombe huyo akiugua mtakuwa na namba za kulinganisha. Mwambieni majani yalitoka wapi na ng'ombe alizaa lini, hata kama mnaona ni maswali ya kitoto. Mlipeni nauli. Chupa na sindano mwachieni bwana mifugo wa kata, na namba yake ya simu iandikeni kwa chaki kwenye mlango wa banda leo, ng'ombe akiwa bado mzima.